Kinda wa shore yuko chini ya dirisha: maswali ninayoulizwa kila mvua zikianza

Kwetu Tanga ndege aitwaye shore hujenga kwenye bogenvilia iliyopanda nondo za dirisha la jikoni. Mwaka wa kwanza tuliona kama bahati tu. Mwaka wa tatu tukaanza kuacha kulipogoa lile ua mpaka wamalize shughuli zao. Siku hizi jirani akiona kinda chini ya mwembe wake anakuja kubisha hodi kwetu kabla ya kufanya lolote. (Wengine wanakuja naye tayari kwenye boksi la viatu, nami nawarudisha nalo walikotoka.) Maswali yao ndiyo haya. Mengi nimeyajibu kwa kumfuata shore kwa kuwa ndiye ninayemjua zaidi. Pale tetere, chozi au mbayuwayu anapokuwa na mambo yake, nimesema.

Ndege anaingia na kutoka kwenye ua langu na nyasi mdomoni. Ni ndege gani?

Anza na kiota, maana kiota hakiruki. Kikiwa kikombe kidogo chepesi cha vijiti, nyasi na vijizizi, kimebanwa kwenye panda ya matawi karibu na urefu wa mtu, mara nyingi huyo ni shore: wa kahawia, kichwa cheusi, njano chini ya mkia, na mdomo wake haupumziki tangu muadhini hajamaliza. Vijiti vichache vilivyotupwatupwa tu, hata ukisimama chini unayaona mayai, hiyo ni kazi ya tetere. Sijui kwa nini hakufundishwa kujenga na wenzake. Kifuko kinachoning'inia, kimefumwa kwa utando wa buibui na kupachikwa takataka za majani, kina mlango ubavuni na kipaa juu ya mlango, ni cha chozi. Tope chini ya zege la baraza ni mbayuwayu. Majani makavu yanayochungulia kwenye upenyo wa bati na mbao ni shomoro, ambaye wengine humwita jurawa. Mnana huna haja ya kuniuliza, kwa sababu mnazi mzima utakuwa umening'inizwa viota na makuti yote yamechanwachanwa.

Tangu mayai mpaka waruke ni siku ngapi?

Shore hutaga mayai mawili au matatu, moja kila siku. Huyalalia siku 12 hadi 15. Makinda huanguliwa uchi kabisa, macho yamefumba, shingo haiwezi kubeba kichwa. Kisha hukaa kiotani siku zinazokaribia idadi ileile, kiasi cha wiki mbili. Kwa hiyo ukihesabu tangu yai la mwisho, karibu mwezi mmoja baadaye kiota ni kitupu. Tetere naye ana hesabu inayofanana: mayai mawili, wiki mbili za kulalia, wiki mbili za kulea.

Chozi na mbayuwayu hukaa kiotani zaidi, kuelekea wiki tatu. Hapa ndipo penye jambo la kuelewa kabla ya mengine yote. Kiota cha chozi kimefunikwa, cha mbayuwayu kimegandamizwa ukutani mahali ambapo paka hafiki. Wana muda. Kikombe cha shore kiko wazi juu, kila kunguru anayepita anaona kilichomo, na kila siku makinda wanayokaa mle ni siku nyingine ya kuhatarishwa. Ndiyo maana shore huondoka kabla hawajaiva. Huondoka wakiwa hawajui kuruka, na wamepangiwa hivyo. Haina maana kwamba wameanguka.

Wanazaa mwezi gani?

Huku pwani unaweza kukuta kiota cha shore karibu mwezi wowote, lakini shughuli huchangamka na mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mvua huleta viwavi, na bila viwavi hakuna kinda.

Nitajuaje kwamba siku ya kuondoka imekaribia?

Tazama manyoya. Kwanza huota yakiwa ndani ya vifuko vyembamba vya kijivu, kinda anaonekana kama amechomwa sindano mwili mzima. Vifuko hivyo vikianza kupasuka, anabadilika haraka mno. Leo ni kichekesho, keshokutwa ni ndege. Halafu kiota kinakuwa kidogo. Wale watatu waliokuwa wakipotea mle ndani sasa wamebanana mpaka mmoja analala juu ya wengine. Wanaanza kusimama, kunyoosha bawa moja moja, kujitafuna manyoya, kupiga mbawa mpaka kiota kinatikisika.

Dalili nyingine ni uchafu. Makinda wadogo hutoa kinyesi kikiwa kimefungwa ndani ya kifuko cheupe cha ute, kama kipakiti. Mzazi hukipokea palepale baada ya kulisha, akakimeza au akaenda kukitupa mbali. (Watoto wetu walicheka wiki nzima walipogundua hilo.) Siku za mwisho usafi huo mara nyingi hulegea, na ukingo wa kiota unachafuka. Ukiona hivyo, sogea mbali.

Nasema usogee mbali kwa sababu niliwahi kukosea. Zilikuwa zimebaki siku mbili au tatu hivi, nikafungua dirisha taratibu ili nipige picha nzuri ya simu. Wote watatu walitoka kwa mara moja, kama njugu zilizomwagika. Makinda waliokaribia umri huo wakihisi kiota kimegunduliwa hujitupa nje hata kama bado. Wawili niliwaona baadaye kwenye ua wa michongoma wakilishwa. Wa tatu sikumwona tena, na picha yenyewe ilitoka ukungu.

Siku yenyewe inakuwaje?

Nikueleze ya masika iliyopita, kwa kuwa niliitazama yote nikiwa ndani, taa ya jikoni imezimwa, kikombe cha chai mkononi.

Ilianza mapema, bado hakujapambazuka sawasawa. Kinda mmoja alikuwa tayari amepanda ukingoni, ameshika kwa vidole, anayumba. Mama alikuja na kiwavi wa kijani, ila hakukifikia kiota. Alitua kwenye kamba ya kuanikia nguo, hatua nne tano hivi, akakaa na kile kiwavi mdomoni akiita. Kinda akapanua mdomo, akatikisa mbawa, akalia. Mama hakuja. Dakika zikapita. Akaruka akaenda kwenye mpapai, akarudi, akatua palepale kambani. Mimi nilishaanza kumwonea huruma mtoto na kumlaumu mama.

Kisha yule kinda akatoka. Siwezi kusema aliruka. Alipiga mbawa kwa nguvu zake zote na matokeo yake yalikuwa kuanguka polepole kidogo kuliko jiwe. Alitumbukia kwenye mchaichai, kimya kikapita, halafu nikasikia sauti moja fupi, kali. Mama akashuka moja kwa moja kwenye ile sauti na kile kiwavi kikaliwa. Kuanzia hapo mambo yakawa hivyo siku nzima: kinda anaita kutoka alikojificha, mzazi anajibu, chakula kinaletwa. Sauti ile ndiyo kamba inayowaunganisha, kwa hiyo ukiwasikia wakipiga kelele usidhani wanaomba msaada wako.

Wa pili alitoka jua likiwa limeshachomoza, akafika kwenye ukuta, akakaa pale kama amesahau alichokuja kufanya. Wa tatu aligoma. Alibaki kiotani peke yake mpaka kesho yake asubuhi, na baba akaendelea kumletea yeye huku mama akiwahudumia wale wa bustanini. Wazazi wote wawili hulisha. Ukitaka kujua nani ni nani, pole, kwa macho hutaweza; mimi nasema "mama" na "baba" kwa mazoea tu.

Siku mbili tatu za kwanza makinda hawa hukaa chini au kwenye vichaka vifupi. Wanapanda kwa kurukaruka kutoka tawi hadi tawi. Mkia wao ni kipande tu, urefu wa kidole kidogo, na bila mkia ndege hawezi kujiongoza wala kutua vizuri. Baada ya wiki hivi walikuwa juu ya mwembe, wanaruka kutoka tawi hadi tawi, na bado wakipanua midomo kila mzazi akipita. Kulishwa huendelea kwa wiki kadhaa baada ya kutoka.

Kinda yuko chini. Nimwokote?

Kwanza mtazame umri. Akiwa uchi, au ana zile sindano tu, macho yamefumba au ndiyo kwanza yanafumbuka, hawezi kusimama: huyo ameanguka kweli na atakufa kwa baridi akibaki pale. Mrudishe kiotani. Kama kiota kimeng'oka, chukua kikapu kidogo au kopo la siagi, toboa matundu chini ili mvua isimzamishe, weka nyasi kavu, lifunge kwa waya karibu kabisa na mahali kiota kilipokuwa, mweke ndani. Halafu ingia ndani ya nyumba. Chungulia kutoka dirishani saa moja au mbili. Wazazi wanafuata sauti ya mtoto, kiota kipya hakiwasumbui sana.

Akiwa amevaa manyoya, anarukaruka, anashika kidole chako kwa nguvu, ana mkia mfupi na uso wa hasira: huyo hajaanguka. Yuko shuleni. Mwache. Akiwa mahali pa hatari, tuseme katikati ya njia ya bodaboda au mbele ya mbwa, mchukue umweke kwenye kichaka cha karibu, hatua tano au kumi, palipo na kivuli, asiwe mbali na mahali ulipomkuta. Usimpeleke mtaa wa pili kwa sababu pana bustani nzuri. Wazazi wake hawana habari na bustani yako.

Lakini nikimgusa, mama yake si atanusa mkono wa mtu amkatae?

Hili niliambiwa na bibi, na naye aliambiwa na bibi yake. Si kweli. Ndege hawa wanamtambua mtoto kwa sauti na kwa macho, na hawatupi kazi ya mwezi mzima kwa sababu ya harufu ya sabuni. Nadhani wazee walisema hivyo ili tusichezee viota, na kwa lengo hilo ulikuwa uongo mzuri. Shida ni kwamba siku hizi unamfanya mtu amwache kinda uchi juani, au amchukue nyumbani kwa kuamini kwamba ameshamharibia.

Nimemrudisha kiotani na ametoka tena. Nimrudishe mara ngapi?

Usimrudishe tena. Mwenye manyoya akishatoka ametoka. Ukimrudisha unawastua na wenzake ambao hawajawa tayari.

Nimesimama pale saa nzima na wazazi hawakuja kumlisha. Si wamemtelekeza?

Wewe ndiye sababu. Tazama juu: yule shore kwenye waya wa umeme mwenye kitu mdomoni, anayepiga kelele mpaka masikio yanauma, anasubiri uondoke. Akishuka mbele yako atakuwa amekuonyesha mtoto alipo. Nenda ndani, funga mlango, subiri. Ni mara chache sana nimeona kinda wa shore aliyetelekezwa kweli, ila nimeona wengi waliozingirwa na watu wema.

Nimpe nini ale wakati nasubiri?

Hakuna. Mkate unamjaza bila kumlisha. Maziwa ndege hawezi kuyasaga tumboni. Maji ya kudondoshea mdomoni ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu tundu la kupitishia pumzi liko palepale nyuma ya ulimi na tone moja linaingia kwenye mapafu. Watu wengi wananiambia "alikuwa mzima, nikampa maji tu akafa," nami huwa sina la kusema.

Zaidi ya hapo, kila ndege ana chakula chake. Kinda wa shore analetewa wadudu, na baadaye matunda. Kinda wa tetere siku za kwanza anakunywa aina ya uji mweupe unaotengenezwa kwenye mfuko wa koo la wazazi wake, mama na baba, na anautoa kwa kuingiza mdomo wake ndani ya midomo yao. Huo huwezi kuupika.

Nina paka. Nifanye nini?

Mfungie ndani. Siku nne au tano za mwanzo baada ya makinda kutoka, hasa asubuhi na jioni, hakuna njia nyingine ya maana. Kengele shingoni haisaidii, kwani kinda hajui bado kengele ni nini na hata angejua hawezi kuruka. Na paka akimkamata, ukamnyang'anya, ukaona "hana jeraha," usifurahi mapema: kitone kimoja cha jino la paka kinaingiza vijidudu ambavyo humuua ndege baada ya siku moja au mbili. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo kama yupo karibu.

Kunguru wanakuja kila siku. Niwafukuze?

Fukuza, ingawa utachoka wewe kabla yao. Kunguru anayetusumbua huku pwani, yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, asili yake si hapa. Ni wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, na kutoka pale akaenea bara, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kwingineko. Takataka anakula, na mayai na makinda anakula vilevile. Serikali zimehangaika naye kwa miaka mingi. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo.

Nyumbani cha kufanya ni kufunika ndoo ya taka na kutomwaga mabaki ya samaki uani. Kunguru akija kwa ajili ya kichwa cha dagaa, atakaa ukutani, na akikaa ukutani atamwona shore akiingia kwenye bogenvilia mara ishirini. Ana akili, anaunganisha. Pia usikate matawi ya juu ya kiota "ili uone vizuri." Ukiona vizuri wewe, naye anaona.

Na nyoka?

Utasikia kabla ya kuona. Shore ana ukelele wake wa nyoka, mkali, wa kurudiarudia, na ndege wengine wote wa mtaa huja kushangilia: chozi, kurumbiza, hata mnana. Kundi hilo likizingira kichaka kimoja huku likipiga makelele, usiingize mkono humo. Nyoka wa miti anayepanda kutafuta makinda anaweza kuwa asiye na madhara au anaweza kuwa mwenye sumu kali, na si wewe wa kuamua kwa kubahatisha. Waite watoto ndani. Mara nyingi nyoka huyo hupata anachotaka na kuondoka, na wiki chache baadaye shore wanajenga upya.

Siafu ni wabaya zaidi ya nyoka. Usiku mmoja wa mvua wakipita kwenye ua hawabakishi kitu. Jirani mmoja humwaga majivu kuzunguka shina. Mimi sijawahi kuona siafu wakisimama kwa ajili ya majivu.

Tipitipi pia, yule mwekundu-kahawia tunayesema analeta mvua. Anapendeza, na anakula makinda ya wenzake.

Mbayuwayu wamejenga juu ya mlango na wanachafua baraza. Naweza kubandua?

Kabla hawajataga, wakiwa bado wanaleta tope, unaweza kuwakatisha tamaa bila kuua mtu. Wakishataga, vumilia. Piga kiubao kipana cha mkono mmoja chini ya kiota, shibiri mbili hivi kutoka hapo, kinyesi kitatua juu ya ubao badala ya kichwa cha mgeni. Gharama yake ni misumari minne.

Mwenye michirizi kifuani hujenga chupa yenye shingo. Mwenye nyuzi mbili ndefu mkiani hujenga nusu bakuli. Vyote ni vidonge vya tope, kimoja kimoja mdomoni, mamia. Makinda wao wanapotoka hawatumbukii kwenye mchaichai kama shore. Wanaruka kweli siku hiyohiyo, wanajipanga kwenye waya au kwenye ukingo wa bati wakilishwa, na jioni hurudi kulala kiotani kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usibandue siku ile ya kwanza ukidhani wamehama.

Mwaka mwingine unaweza kuona manyoya yametokeza kwenye shingo ya ile chupa ya tope. Wenye nyumba wamenyang'anywa. Ni teleka, yule mweusi mwenye mbawa kama mundu na kiuno cheupe, ambaye hapendi kujenga. Kinda wa teleka ndiye pekee ninayeomba umwokote ukimkuta chini hata akiwa na manyoya na hayuko hatarini, kwa kuwa miguu yake mifupi haimwezeshi kujiinua vizuri kutoka ardhini. Kiota kikifikika, mrudishe humo.

Wale mbayuwayu wengi wa kwenye nyaya kuanzia Oktoba hadi Machi, wenye koo jekundu-kahawia, ni wageni kutoka Ulaya na Asia. Hawazai huku. Wanakula, wanaondoka.

Chozi amejenga kwenye waya wa taa ya baraza. Tuzime taa mwezi mzima?

Si lazima mwezi mzima, ila punguza. Jike ndiye anayelalia, na anahitaji giza lake kama wewe. Tuliwahi kutumia taa ya upande wa pili kwa wiki tano na hakuna aliyekosa njia ya chooni. Makinda wa chozi nao hurudi kulala kwenye kile kifuko siku chache baada ya kutoka. Ukipita usiku unaona midomo miwili mirefu imechungulia mlangoni.

Kinda mmoja ni mkubwa kuliko wazazi wanaomlisha. Ni ugonjwa?

Hapana, ni mtoto wa watu. Kekeo mweusi-mweupe mwenye kishungi hutaga kwenye kiota cha shore akaenda zake. Shore wanamlea. Kinda wa kekeo huyo hawasukumi wenzake nje kama wafanyavyo kekeo wengine, lakini anakula kwa haraka na kwa sauti kubwa mpaka watoto wa nyumba mara nyingi hufa njaa. Mnana ana kekeo wake, wa kijani kinachong'aa. Nimeulizwa mara mbili kama inafaa kumtoa. Sijamtoa. Kekeo naye ni ndege wa hapahapa, na mchezo huo waliuanza kabla yangu.

Fundi wa rangi anakuja Jumatatu na kiota kina makinda.

Mwambie aanze na ukuta wa upande mwingine. Wiki mbili hazimfilisi mtu. Kama ni kupogoa ua, subiri vilevile, na ukisubiri, usiende kukagua kila siku "kama wameshatoka." Mara moja kwa siku mbili, kwa mbali, inatosha.

Asubuhi nimekuta kiota kitupu. Wameruka au wameliwa?

Hesabu siku kwanza. Kama walikuwa na siku tano au sita tangu kuanguliwa, wameliwa, samahani. Kama walikuwa wamejaa manyoya, sikiliza. Wazazi wakiwa bado wanakwenda kichakani na chakula mdomoni, makinda wapo. Tazama na kiota chenyewe: kilichoinamishwa au kuchanwa kimevamiwa, kilichotandazika ukingo na kuchafuka kimetumika mpaka mwisho. Nyoka ndiye anayechanganya, kwa kuwa hachafui kitu.

Mwanangu analia, anataka amfuge.

Sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2013, haziruhusu kukamata na kuweka ndege wa porini bila kibali. Mtoto hatajali sheria. Kwetu tulimpa kazi: daftari, penseli, na kiti dirishani. Aandike mzazi anakuja saa ngapi na ameleta nini. Siku ya kwanza aliandika "mdudu, mdudu, mdudu, sijui, mdudu, papai." Manati ya kaka yake tuliyaweka juu ya kabati msimu ule, na hayajashuka.

Watarudi? Kiota nikitoe?

Shore hawarudii kiota kilekile kwa kawaida, lakini wanaweza kujenga kingine karibu, hata msimu huohuo. Kikombe cha zamani kiache kioze chenyewe. Cha mbayuwayu usikiguse kabisa, kwani hukikarabati na kukitumia tena mwaka hadi mwaka.

Wetu si shore, ni bundi. Yuko darini na makinda, wanakoroma usiku kucha. Watu wanasema ni uchuro, tumwite mtu awatoe?

Swali hili huwa linaulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa. Yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo hupenda dari na maghala kwa sababu ndimo walimo panya. Sauti ya kukoroma, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, ni makinda wakiomba chakula. Wakishaondoka huwa inanyamaza. Ila wao hawana haraka ya shore: hulaliwa takriban mwezi mmoja na hukaa darini karibu miezi miwili kabla ya kuruka. Harufu itakuwepo, sikudanganyi.

Mzee mmoja wa mtaa wa pili aliniuliza hivyo mwaka juzi. Nilimwomba awaache mpaka waondoke, halafu azibe tundu la bati. Waliondoka mwezi wa saba. Nilipompita wiki iliyofuata alikuwa barazani, tundu lingali wazi, akaniambia panya wa stoo wamepungua na kwamba fundi wa bati hajapatikana.